Mshale wa Joto la Oili

Kazi yangu katika mbio za magari ilikuwa kusoma geji moja. Mume wangu alikuwa na gari la mashindano la kizamani, lililoundwa kabla yeye hajazaliwa, na geji ya joto la oili ilikuwa upande wa abiria, mahali ambapo dereva haioni asipogeuza shingo. Basi kila Jumapili asubuhi nilivaa buibui langu, nikateremka kutoka nyumbani kwetu juu ya duka la spea River Road, nikajipenyeza kwenye kile kiti chembamba, tukapanda Kangemi kuelekea Limuru. Yeye alishika usukani, mimi nikataja namba.

"Yasoma ngapi?"

"Mia na kumi."

"Na sasa?"

"Mia na kumi na tano. Ungeniuliza habari za mama yangu ningekuwa na jibu zuri zaidi."

Hakucheka. Gari alilinunua kwa Mzungu wa Kitisuru aliyefunga virago baada ya uhuru. Miaka ya nyuma kazi ya mume wangu ilikuwa kuwasukumia Wazungu magari na kuwafutia vioo, kwa sababu klabu haikuwa na nafasi ya dereva wa rangi yake. Sasa nafasi ilikuwapo, na jina lake lilikuwa limekubaliwa kwa mashindano ya baada ya mvua. Alichohitaji ni injini itakayofika mwisho. Ile haikuwa na mwenzake nchi nzima, ikifa ndiyo basi. Oili ilitakiwa ikae kwenye tisini na kitu. Yetu, tukifika soko la Kangemi, ilikuwa imeshapita mia na ishirini.

Akabadilisha oili, akaweka nzito. Akaizibua radieta ya oili kwa parafini. Akaishusha pampu, akaipanga upya. Fundi mwenzake, Mkamba mmoja mpole, akamwambia, "Mzee, pengine hii geji ndio inadanganya watu." Wakaifungua, wakaileta jikoni kwangu, wakatumbukiza ncha yake kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Maji yakichemka ni mia, hilo kila mtoto wa shule anajua. Mshale ukasimama kwenye tisini na tano.

"Yasoma chini," mume wangu akasema, uso umemshuka. Maana yake joto la kweli lilikuwa baya kuliko tulivyodhani. Akausogeza mshale hadi mia, akaanza kazi yote upya. Alikonda. Alikuwa akila huku anatazama ukuta, nami nikalichukia lile gari kama mke mwenza.

Kosa nililiona mimi, wala sikuwa nikilitafuta. Tangu nihame Mombasa nilikuwa nikigombana na mbaazi. Nairobi zinatokota asubuhi nzima na bado ni ngumu. Nililaumu makaa, nikalaumu mbaazi zenyewe, nikalaumu Wanairobi waliozilima. Siku moja nimesimama juu ya chungu nikaelewa: maji ya huku juu yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa. Hayafiki mia, huishia tisini na tano. Geji ilisema kweli tangu mwanzo, ila sisi watu wa pwani tulikuja na mia yetu kutoka nyumbani.

Nilipomwambia alinikumbatia mbele ya fundi wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mshale akaurudisha. Jumapili ya mwisho kabla ya mashindano tulipanda tukiwa na furaha isiyo na msingi, maana nini kilikuwa kimebadilika? Moto ulikuwa ule ule.

"Yasoma ngapi?"

"Mia na ishirini na tano."

"Na sasa?"

Sikutaka kusema. "Mia na thelathini. Simama, bwana."

Hakusimama. Hakikubaki kitu cha kufungua wala cha kulaumu. Akisimama pale angeinua boneti na kutazama tu, na wote wawili tulilijua hilo.

"Ifunike," akasema.

Nikaifunika geji kwa leso niliyojitanda mabegani. Kwa kitambo kidogo tukawa mtu na mkewe ndani ya gari zuri. Alikuwa anatabasamu. Sijapata kumpenda kama nilivyompenda pale, na sikuwa na msaada wowote wa kumpa. Halafu injini ikaanza kugonga, kwanza polepole, kisha kwa kelele, ikashika, ikafa.

Gari likajikokota hadi kando ya barabara. Alikaa mikono ikiwa bado kwenye usukani, boneti hakuigusa. Baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa, akauliza, "Yasoma ngapi?"

Nikaondoa leso. Mshale ulikuwa unashuka. Nikamsomea kama siku zote, mia na ishirini, mia na kumi, mia, na yeye akiitikia kila namba kwa kichwa, mpaka ukafika tisini, pale tulipoutaka miezi yote ile.