Klarineti Niliyoisifu Newtown

Jirani yangu alikuwa mzee wa Kirundi, mlinzi wa geti kwenye ofisi fulani za Midrand, na alikuwa anakaribia miaka sitini alipoamua kujifunza klarineti. Kanisa lake hapa Bertrams lilikuwa limeanzisha bendi ndogo. Alijua kwamba kabla sijaja Johannesburg kushona nguo, nilikuwa nimepuliza klarineti miaka kumi na minne katika bendi ya polisi kule Dar es Salaam. Akaja kuniomba nimsindikize katikati ya jiji, Newtown, kuna mtu anauza moja kwa bei nafuu.

"Mimi nitaona rangi tu, dada," alisema. "Wewe utaona ndani."

Ilikuwa ya plastiki, mtumba, imefutwa ikang'aa. Yangu niliiuza zamani, na kwa miaka sita sikuwa nimegusa nyingine. Nikafunga kijiti cha mwanzi, nikaanza. Sauti za juu zilitoka safi. Nilipoteremka kwenye sauti nzito, ikakwama kidogo, kama mtu aliyepaliwa. Nilijua papo hapo. Kuna pedi moja, kati ya vile vifuniko vidogo vya kuziba matundu, haikukaa sawasawa, na hewa ilikuwa inavuja.

Nilipaswa kusimama hapo na kusema. Lakini mkono uliozoea haungoji ruhusa. Nilikandamiza vidole, nikaongeza pumzi, kasoro ikamezwa. Watu wakaanza kusimama. Mama muuza mahindi akaacha jiko lake akacheza, mtu akapiga mluzi. Miaka sita nilikuwa fundi cherehani tu, hakuna aliyenitazama namna ile. Nikapiga wimbo wa pili, kisha wa tatu.

"Vipi, dada?" mzee aliuliza, macho yanamng'aa.

"Nzuri," nilisema. "Chukua, mzee wangu."

Nilimfundisha jinsi vidole vinavyokaa, basi. Jioni baada ya kazi nilimsikia kupitia ukuta wetu. Juu alikwenda vizuri. Akishuka, chombo kinapiga yowe au kinanyamaza kabisa. Baada ya wiki chache alinisimamisha kwenye ngazi.

"Huku chini inanikataa. Ni mimi, au ni yenyewe?"

Ndiyo nafasi niliyopewa. Nikamjibu, "Mazoezi tu, mzee wangu. Kifua kitazoea." Nilipanda ngazi haraka. Kila siku niliyonyamaza ilifanya kesho yake iwe ngumu zaidi, maana sasa ningekiri mambo mawili.

Siku moja mkewe alikuja kupunguziwa sketi. Nilipomuuliza hali ya mzee, alisema ameomba ruhusa kazini, yuko kliniki kupigwa picha ya kifua.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anasema hana pumzi. Kanisani wamempa kijana mmoja nafasi yake, na yeye ameingiwa na hofu kwamba mapafu yameoza. Usiku halali."

Sindano ilinichoma kidole. Niliiacha sketi ile, nikamfuata kliniki kwa miguu. Nilimkuta kwenye benchi, bahasha ya picha mapajani.

"Daktari anasema mapafu ni mazima," aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa. "Basi ni uzee."

"Si uzee, mzee wangu. Klarineti inavuja. Ilikuwa inavuja tangu Newtown."

Alinitazama. "Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

"Na kwenye ngazi?"

"Na kwenye ngazi nilijua."

Nilisubiri anikaripie. Ningependa anikaripie. Alikunja bahasha yake mara mbili, polepole, akasema tu, "Eish, dada. Nimemwomba Mungu anipe kifua kipya."

Jumamosi niliipeleka klarineti kwa fundi. Pedi mbili zilibadilishwa nikingoja pale pale. Haikuchukua hata saa moja. Jioni mzee alishuka mpaka sauti ya chini kabisa, nzito, imetulia, akairudia na kuirudia. Nilikaa upande wangu wa ukuta, nikashindwa kufurahi sawasawa. Bendi haikumrudisha, yule kijana ameshakaa kwenye kiti. Mzee hupiga nyumbani kwake, nyimbo za kanisa, na mkewe huimba.

Bado tunasalimiana vizuri. Mimi ni Mwislamu, na siku za Idi huniletea soda. Lakini mwaka huu alinunua jiko la gesi la mtumba, akamwita jirani wa ghorofa ya chini aje kulikagua, ingawa mlango wangu umepakana na wake na nilikuwa nimesimama pale.