Kovu la Mama

Mama aliniomba nimchore angali anaona. Hakuwahi kupigwa picha hata moja, na macho yake yalikuwa yakififia. Ilinibidi nimsogelee sana ndipo anitambue bila kusikia sauti yangu. "Nataka nijione kidogo, baba," aliniambia nyumbani kwake Chanika, kule Handeni. Nikamwahidi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa karani Korogwe, na baada ya kazi nilijifunza rangi za mafuta kwa mwalimu mstaafu, Msambaa aliyehamia Kwamndolwa. Alikuwa na karatasi moja iliyochapwa picha ya zamani ya Ulaya: bibi kizee wa kizungu, kilemba cheupe, nusu ya uso kivulini. Sharti lake lilikuwa moja: uinakili hiyo mpaka mwisho, ndipo uguse uso wa mtu aliye hai. Unapaka kivuli cha kahawia, unasubiri kikauke, unapaka mwanga, unasubiri tena, ndipo ngozi.

Kusubiri ndiko kulikonitesa. Kila tabaka lilipochelewa kukauka, nilihisi macho ya mama yanazidi kufifia.

Kisha mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi yakaisha. Mwalimu akasema nivumilie, ameagiza Tanga. Sikuvumilia. Nilinunua mafuta ya nazi dukani, nikachanganya. Rangi iliteleza vizuri ajabu. Uso mzima wa yule bibi niliumaliza kwa siku mbili.

Wiki tatu baadaye mwalimu alibonyeza shavu la bibi. Kidole kikatoka na shavu; rangi ilikuwa haijakauka.

"Umetia nini humu?"

"Mafuta yaleyale, mwalimu. Labda ni hizi mvua."

"Mvua!" Akanusa kidole. "Kijana, huyu bibi umemkaanga. Kwangua, uanze upya."

Kuanza upya ilikuwa miezi, na nyumbani walikuwa wameniletea habari kwamba mama amekanyaga moto jikoni. Sikukwangua. Niliitia picha ndani ya kasha la mbao, nikapanda basi la Handeni. Nilijiambia naenda kumwonyesha kazi ninayojifunza, basi.

Aliipokea magotini, akaisogeza mpaka karibu iguse pua.

"Ndiyo mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Naona weupe."

"Ni kilemba chako."

"Na kovu langu la jembe, hapa kwenye paji, umeliweka?"

"Nimeliweka."

Akapapasa paji la yule bibi, kidole kikazama kwenye rangi. Akakinusa, akacheka. "Mbona nanukia nazi? Umenipaka mafuta kama bi harusi!"

Nami nikacheka.

Jirani aliingia kuazima ungo. Aliitazama picha, kisha akanitazama mimi.

"Nimetokeaje?" mama akamuuliza.

"Umetokea," alisema, akaondoka bila ungo.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipokwenda nilimkuta kibarazani, nusu ya uso kwenye mwanga, vilevile mwalimu alivyotaka mtu akae. Mafuta ya kitani yalishafika. Ningeweza kumchora. Lakini ningemwambia akae kwa ajili gani, wakati picha yake iko ukutani na kila mgeni anaonyeshwa: "Ile pale, mwanangu ndiye aliyenichora"?

Sasa nimezeeka kuliko alivyokuwa yeye siku ile. Kovu lilikuwa upande gani wa paji, sikumbuki.