Maharage ya Mke Mwenzangu

Niseme mapema, ili mtu asipate shida ya kumtafuta mkosaji: zile mbegu nilizipika mimi. Kwa mikono yangu hii, na chumvi nikatia, na nikasifiwa.

Nilikuwa na miezi minne tu ya ndoa. Kwetu ni upande wa Iramba, nikaolewa huku kwa Wanyaturu karibu na Ikungi, mwaka ule ule tulioambiwa tutoke kwenye mashamba yetu tukakae pamoja katika kijiji cha Ujamaa. Lori lilikuja asubuhi likapakia vitanda, jiwe la kusagia, magunia, vibuyu, mbuzi, kuku waliofungwa miguu, na bibi yake mume wangu. Huyo bibi alikataa katakata kukaa mbele na dereva. Alisema hajawahi kukaa ubavuni mwa mwanamume asiyemjua, na hataanza leo. Tukampandisha juu ya magunia, akasafiri huko huko juu akiwasalimia watu njiani kwa sauti.

Bibi aliniita mke mwenzangu. Si kwa ubaya. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, hilo kila mtu analijua, kwa hiyo mimi nilipoolewa nilikuwa nimekuja kumwibia mume. Kila asubuhi nilipiga goti nikasema shikamoo, naye akajibu, "Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu ameamka? Umempa uji, au unamshindisha njaa ili anirudie?" Macho yake yalikuwa yamefifia kwa moshi wa miaka mingi, lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa.

Sasa lile kosa. Kwa mama yangu mbegu ya maharage haipukuchuliwi. Huachwa ndani ya maganda yake, ikafungwa mafungu, ikatundikwa juu ya meko ipate moshi. Ukiona maharage yamepukuchuliwa, ujue hayo ni ya chungu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna nyumba duniani inayofanya vingine. Kumbe kwa bibi maharage ya kula yalikaa kwenye gunia, na ya mbegu ndiyo yaliyopukuchuliwa kwa uangalifu, yakachanganywa na majivu, yakatiwa kwenye kibuyu, na mdomo wa kibuyu ukazibwa kwa mavi ya ng'ombe. Mimi nilipouona ule mdomo uliozibwa nilisema, loo, hawa watu ni waangalifu, hawataki wadudu waguse chakula chao.

Wiki ya pili kijijini wakaja wageni kutoka wilayani kuangalia tulivyokaa. Balozi wetu wa nyumba kumi akagawa kazi: nyumba hii ugali, ile maji ya kunawa, na sisi maharage. Gunia lilikuwa chini ya mizigo yote. Kibuyu kilikuwa hapo mbele ya macho yangu. Nikakizibua kwa kidole gumba, nikapepeta majivu, nikachambua, yale yaliyokunjamana nikayatupa pembeni ya ungo, mengine nikayainjika. Yalikuwa madogo, mekundu, kila moja na jicho jeupe, na yaliiva kwa haraka ya ajabu. Wageni wakala na ugali wa uwele mpaka wakalamba vidole. Balozi aliongezwa mara mbili. Bibi naye alikula taratibu, akatafuna kwa ufizi, akauliza, "Maharage haya ni ya wapi?"

"Ya hapa hapa kwetu, bibi," nikajibu, kichwa juu.

"Ni kweli," akasema. "Ni ya kwetu." Akanyoosha sahani aongezwe.

Wageni walipoondoka mume wangu akaingia ndani kupanga vitu. Akatoka na kibuyu kitupu mkononi. Akanitazama, akakitazama kibuyu, akaniuliza kwa sauti ndogo yaliyokuwamo yamekwenda wapi. Nikamweleza. Alianza kucheka, akashika ukuta, kisha akaacha, akakiweka kibuyu chini. Mbegu ile, alisema, bibi alipewa na mama yake siku alipoolewa. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Majirani wa zamani walikuwa wakipanda maharage ya sokoni, na ile ilikuwa ya bibi peke yake, kibuyu kimoja, mwaka hadi mwaka.

"Utamwambia wewe?" nikamwuliza.

"Mimi simo," akasema, akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Nililia, sitaki kudanganya. Sikuogopa kupigwa wala kurudishwa kwetu. Niliona haya. Mwanamke anakaa na mbegu tangu ni bibi harusi mpaka macho yanafifia, halafu kinakuja kitoto kutoka Iramba kinaipika kwa siku moja. Kisha nikakumbuka ungo. Nikaupekua, nikakuta punje tisa, zile nilizozitupa kwa sababu zimekunjamana. Tisa, na zote mbaya. Nikaapa kwamba kabla sijafungua mdomo mbele ya bibi nitakuwa na mbegu mkononi.

Kuzipanda nje isingewezekana. Mvua ilikuwa haijakaa sawa, na kulikuwa na kuku. Kule tulikotoka nyumba ziko mbalimbali na kuku wa mtu alijua mipaka yake. Hapa tulipangwa mistari, mlango kwa mlango, na kuku wa Ujamaa walielewa siasa kuliko sisi: cha mmoja ni cha wote. Punje ikiguswa na jua tu, imeshaliwa.

Wakati huo tulikuwa tunakandika nyumba. Nikachukua udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, nikafinyanga vikombe tisa vyembamba kama watoto wanaocheza kupika, nikajaza mchanga na samadi, nikaatika punje moja kila kikombe. Nikavipanga kwenye ungo uliochakaa, nikauweka ndani karibu na mlango, ambapo palikuwa na mwanga kidogo. Mlangoni ndipo bibi alipokaa kutwa nzima na miguu yake ameinyoosha.

Saba ziliota. Nilicheza peke yangu, nikiwa nimeziba mdomo. Siku ya tatu mwanambuzi aliyelala ndani akafyeka mche mmoja, zikabaki sita. Tena zilikuwa ndefu, nyeupe, dhaifu, zimeinamia mlango zote kwa pamoja. Nikaona zinataka jua. Nikazitoa asubuhi nikaziacha juani mpaka mchana, nikijiona mkulima hodari. Niliporudi majani ya mbili yalikuwa yamekauka. Nikabaki na nne, na akili kidogo.

Tangu hapo nikawa mchungaji. Asubuhi nazitoa zipate jua changa, jua likikaza nazirudisha, jioni nazitoa tena. Kila safari lazima niruke miguu ya bibi.

"Mke mwenzangu, unatoa nini?"

"Naanika uwele, bibi."

"Uwele gani huo unaomwagiwa maji?"

Nikajitia hamnazo. Naye akaguna, akasema kitu kwa Kinyaturu, haraka haraka, akijua Kinyiramba changu kitakamata nusu tu. Nusu niliyoikamata ilihusu wanawake wa Iramba, na haikuwa sifa.

Taabu kubwa ilikuwa shamba la kijiji. Kila asubuhi waligonga rimu la gari lililotundikwa kwenye mti, na sote tukatoka na majembe hadi mchana. Nani angezitoa na kuzirudisha? Nikajitwika ungo, nikaenda nao. Wanawake walinicheka njia nzima. Balozi akanisimamisha kando ya shamba, mikono nyuma.

"Shemeji, hapa ni shamba la wote. Hicho kichwani ni nini? Shamba la binafsi linalotembea?"

"Ni wagonjwa," nikamwambia. "Nyumbani hawana wa kuwatazama."

Akachungulia. Nikaona heri nimweleze yote, pamoja na kwamba yeye aliongezwa mara mbili. Weee! Yule mtu alishtuka kuliko mimi. Alimjua bibi tangu utoto wake. Akauchukua ungo mwenyewe, akauweka kwenye kivuli kando ya mtungi wa maji, akatangaza kwamba atakayeugusa atalima peke yake mistari mitatu. Kuanzia siku hiyo, katikati ya hotuba zake za kujitegemea, alikuwa akinikonyeza na kuuliza, "Wagonjwa wameamkaje?"

Mvua ilipokaa, nikachimba mashimo manne nyuma ya nyumba. Jirani alinionya kwamba maharage hayapandikizwi, ukigusa mzizi wake yananuna yanakufa. Kweli, lakini mimi sikuugusa mzizi. Nilizika vikombe vilevile vilivyo, jioni, udongo ukiwa umelowa, nikazungushia miiba mingi mpaka mimi mwenyewe nikachanika sketi. Vikombe viliyeyuka ardhini na miche haikujua imehama. Niliionea wivu, maana sisi tuliohama kwa lori tulikuwa bado tunaumwa viuno.

Mdudu alikata mmoja chini ya shina. Mitatu ikasimama. Ikatoa maua, ikafunga, ikakauka. Nilikuwa nikiamka kuhesabu maganda kabla sijanawa uso. Nilipopukuchua nilipata kiganja kimoja na nusu, madogo, mekundu, kila moja na jicho jeupe.

Nikayatia kwenye bakuli, nikapiga goti mbele ya bibi. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kuungama kwa majuma mengi. Yote yalinipotea. Nikamwekea bakuli mapajani tu.

Akatia vidole. Akazipitia punje moja moja, polepole, akasugua moja kwa kidole gumba mahali pa lile jicho. Kisha akanirudishia bakuli.

"Vizuri," akasema. "Nenda kazipike. Leo nina hamu ya maharage."

Nilidhani sikusikia sawa. Akarudia. Mimi nililelewa kwamba mzee akisema, unafanya. Sikuwahi kumkatalia mtu mzima jambo lolote, hata maji.

"Hapana, bibi."

"Nini?"

"Hazipikwi hizi. Nitakupikia ya gunia."

"Unaninyima chakula, mimi mzee nisiyeona?"

"Ninakunyima," nikasema, na machozi yakaanza kunitoka, na bakuli nimelikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. "Nisamehe, bibi. Ninakunyima."

Bibi akacheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani, mume wangu akaja mbio kutoka zizini akidhani pana msiba.

"Mtoto wewe," akasema alipopata pumzi, "maharage hayo nimeyala tangu sijaota meno mpaka meno yameng'oka. Ungenificha mimi? Nilijua tangu tonge la kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, na wageni wanalamba vidole? Na yalikuwa yameiva vizuri." Akapapasa mpaka akanishika mkono. "Siku ile niliomba kuongezwa, ukaniongeza. Leo nimeomba, umeninyima. Sasa ninaweza kukuachia. Kalete majivu."

Nikaleta majivu, na kile kibuyu, na mavi ya ng'ombe. Akachanganya yeye, nikaziba mimi.

Mvua iliyofuata tulizipanda zote. Alikaa kando kwenye kigoda akinielekeza na kunitukana, na yalipokauka tulijaza kibuyu, yakabaki ya chungu kimoja. Alikula sahani nzima, akanyoosha mkono aongezwe. Nikamwambia yaliyobaki ni mbegu. Alifurahi sana.