Risasi Bubu ya Baba

Mafuta ya bunduki hayatoki kwa sabuni. Mama alijaribu kila kitu, ndimu, magadi, hata kuyafukiza mashati kwa udi, na bado Baba alipoinua mkono kuchukua chumvi mezani harufu ile ilitutangulia kula. Mie niliipenda. Mpaka leo nikiisikia mahali narudi kuwa na miaka kumi na miwili, likizo ya kiangazi, nimekaa juu ya kreti katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya uwindaji huko Deira, Dubai. Nje jua liliunguza mpaka paka hawaonekani mtaani. Kuanzia adhuhuri mpaka alasiri maduka yote yalifungwa na wenye maduka wakaenda kulala, ila Baba hakuwa mtu wa kulala mchana. Aliteremsha shata nusu, akawasha kipoza hewa kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo, akatoa bunduki moja isiyo na kitu ndani, kisha akaweka sarafu ya dirhamu juu ya mtutu. Kazi yangu ilikuwa kulala kifudifudi juu ya zulia, kulenga kopo la maziwa ukutani, na kuvuta kifyatulio bila sarafu kuanguka. Wiki ya kwanza sarafu ilianguka kila mara. Mwezi wa pili ilikaa pale kama imegundishwa, na Baba akawa ananinunulia juisi ya miwa kwa sarafu ileile.

Baba, Khamis wa Unguja, aliuza bunduki za kwanza. Bunduki ya pili na ya tatu mtu humwambii kitu, anajijua. Lakini anayenunua ya kwanza hujui anataka kuwinda au anataka kuonekana anawinda, na hapo ndipo kaliba inapomtapeli, yaani upana wa risasi. Atakuja mtu mzima na ndevu zake, anakwenda kuwinda njiwa na sungura nchi za watu, au ana panya wanaomaliza mayai shambani, anyooshe kidole kwenye bunduki ya risasi mia tatu na nane inayoangusha nyati. Baba humtazama kwa huruma. Humuuliza anawinda nini, na nyuma ya hicho anachokiwinda kuna nini, maana risasi isiyompata njiwa haisimami hewani kumwomba radhi. Kisha humtolea ishirini na mbili, ile bunduki nyembamba ambayo Waarabu wa huku huiita saktoni. Sauti yake ndogo, teke lake dogo, risasi zake hazizidi ukucha. Wengi walichukia. Mdharau mwiba mguu huota tende, Baba alisema, na maneno hayo aliyasema kwa Kiswahili ili mteja asiyaelewe.

Na mteja asipoelewa kabisa, Baba alimpeleka kwenye uwanja wa kulengea shabaha na kumpa bubu. Bubu ilikuwa risasi aliyoitengeneza mwenyewe: ganda lililokwisha kutumika, akalitia kichwa kipya, bila baruti ndani. Kwa macho ni risasi kama nyingine, isipokuwa kitakoni alikuwa ameikwaruza alama ndogo kwa tupa. Aliichanganya na zile nzima. Mteja akivuta kifyatulio na risasi ikanyamaza, mtutu ndio uliosema. Kama umetulia, bunduki inamfaa. Kama umeruka au umeinama, basi mtu huyo anaiogopa bunduki yake, anafumba macho kabla ya kishindo, na hatampata njiwa hata njiwa akimsubiri. Baba alikuwa na bubu za kaliba mbalimbali, ila aliyoipenda ni ya mia tatu na nane, kwa kuwa waliochagua namba ile ndio waliohitaji kuambiwa ukweli zaidi. Alitembea nayo mfukoni mwa shati siku zote.

Mwenye duka, ambaye sote tulimwita arbab, alilirithi kwa baba yake. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mnene kidogo, na alikuwa na siri iliyojulikana na Baba peke yake: alikuwa hajawahi kupiga bunduki. Anaziuza tangu ujanani, hajapiga hata moja. Kiangazi kile marafiki zake wakamwalika kuwinda nje ya nchi, na papo hapo kunguru wakavamia banda la kuku la shamba lake huko nyuma ya Jebel Ali, wanabeba mayai na vifaranga. Akatafuta kibali cha kuwapiga, akaona kheri ajifunzie kwao. Swali likabaki moja, achukue bunduki gani. Baba akasema ishirini na mbili. Otieno, muuzaji mpya kutoka Kisumu, kijana wa maneno matamu na viatu vinavyong'aa, akasema, "Boss, hiyo ni ya watoto. Mtu wa hadhi yako ashike mia tatu na nane." Arbab akamgeukia Baba na kumuuliza kwa Kiarabu kama anamwona mtoto. Baba alijibu kuwa bega halijui hadhi. Jibu lilikuwa zuri sana, na lilitugharimu.

Kuanzia siku ile Otieno akasimama mbele kwenye kaunta na Baba akawekwa nyuma, kufunga darubini na kupaka mafuta. Arbab akasema Ijumaa ijayo shambani itajulikana nani anajua kazi, na asiyejua atakwenda kuhesabu makreti kwenye ghala la Jebel Ali. Kwa Baba haikuwa aibu tu. Mshahara wa ghalani haukutosha kumruhusu mtu kuishi na mkewe na mtoto nchini, kwa hiyo Baba akienda ghalani, mimi na Mama tunarudi Unguja na yeye anabaki kulala chumba kimoja na wanaume saba. Mama alianza kukunja nguo za baridi, kana kwamba Unguja kuna baridi. Nililia bafuni na maji yakiwa wazi ili nisisikike. Nilimkasirikia arbab, nikamkasirikia Otieno, na kusema kweli nilimkasirikia hata Baba kwa kujua sana.

Ijumaa alfajiri tulikuwa shambani, na mimi nimekwenda kwa kuwa arbab alipenda kuniona nikimsalimia kwa Kiarabu changu cha shule. Tulipokuwa tunatoka, Baba aliiacha bubu juu ya kabati la nyumbani. Nilimwuliza. Akasema, "Arbab si mteja, mwanangu." Basi nikaichukua mie, nikaitia mfukoni, sina hata mpango. Arbab alishika mia tatu na nane yake, nami nikapewa boksi la risasi nimpe moja moja. Kunguru mmoja alikuwa juu ya nguzo ya ua, anajikuna, hana habari na mtu. Baba akaonya kwa upole kwamba nyuma ya nguzo ile kuna tangi la maji. Arbab hakumsikia au hakutaka. Mlio ulinipiga kifuani, kuku wakapiga kelele, kunguru akaenda zake, na tangi likatoboka likaanza kukojoa kwa utulivu mchangani. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, lakini yule hata hakukimbia sana.

Hakuna aliyecheka. Arbab alikuwa anajisugua bega, uso umemwiva, akasema darubini imefungwa vibaya. Darubini aliifunga Baba. Otieno akatazama viatu vyake, kisha akasema huenda ni kweli, sir. Arbab akamwambia Baba bila kumtazama kwamba kuanzia Jumapili asifike Deira, ghalani wanamsubiri. Baba akainamisha kichwa akasema hewala. Hilo neno moja ndilo lililonitoa akili. Baba aliyezoea kuwaambia wenye ndevu waache ujinga, leo anasema hewala kwa kosa lisilo lake. Arbab akanyoosha mkono bila kunigeukia, anataka risasi ya pili. Nikampa bubu.

Akavuta komeo la bunduki, akaiingiza, akalenga nguzo nyingine upande wa jangwani. Akavuta kifyatulio. Pakasikika "tik" kama mtu aliyeng'ata punje ya mchele. Na mtutu, bila risasi, bila moshi, bila kitu, uliinama ghafla mpaka ukakaribia kugusa mchanga. Macho ya arbab yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu zote, na mabega yamepanda masikioni. Alikaa hivyo muda ambao kila mtu pale aliweza kumwona vizuri. Alipofumbua, hakuna aliyejua aangalie wapi. Baba alikwisha kuelewa, na rangi ilimtoka usoni.

Arbab akavuta komeo, bubu ikarukia mchangani. Akauliza nani aliyempa ile. Ulimi ulinisimamia. Nilisema ni mimi, na darubini haina kosa, ammi, ni bega lako linaogopa, hata langu liliogopa mwezi mzima. Baba alianza kuomba radhi kwa lugha mbili kwa pamoja. Arbab akamnyamazisha kwa kiganja. Akanitazama, akasema, "Yalla, basi piga wewe." Sidhani alitegemea nikubali.

Baba alinipa ishirini na mbili aliyokuja nayo. Kunguru walikwisha kurudi, maana hawana haya, wameona maji ya tangi yanatengeneza dimbwi wakaja kunywa. Nilihama kwanza. Nilizunguka ua wote huku wakubwa wakinitazama, nikalala mahali ambapo nyuma ya dimbwi kulikuwa na tuta la mchanga na si kitu kingine. Nikawaza ile sarafu juu ya mtutu. Nikasema bismillahi, nikavuta pole kama ninavyovuta uzi usikatike. Mlio ulikuwa mdogo, hata kuku hawakushtuka. Kunguru mkubwa aliyekuwa anaoga alilala palepale na hakuamka tena. Wallahi nilijiona mrefu kuliko minara yote ya Dubai.

Arbab alikuja akavua kilemba chake, akakiweka juu ya kreti, akalala kifudifudi na kanzu yake nyeupe mahali nilipokuwa nimelala. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Baba akapiga goti kando yake na kumfundisha kama alivyonifundisha mie, sarafu na yote, na Otieno akasogea polepole naye asikilize. Jua lilipokuwa limepanda, arbab alimpata kunguru wake wa kwanza na kucheka mpaka machozi. Jumapili Baba alifika Deira, akasimama mbele kwenye kaunta, na hakuna aliyelitaja ghala la Jebel Ali tena. Otieno alikuja kuwa rafiki yetu mkubwa. Jambo moja tu lilimkera Baba: aliitafuta bubu mchangani kwa magoti mpaka adhuhuri na hakuiona.

Siku hizi kaunta ile naisimamia mie. Duka limetiwa vioo na taa nyeupe, halifungwi tena mchana, na wateja huja wamekwisha kuangalia simu zao usiku kucha, wanajua namba zote na hawajui bega lao. Zamani mtu alikuja hajui, akafundishwa. Sasa anakuja anajua, na kumfundisha ni kazi mara mbili, ila naiweza, na wanaocheka kumwona mwanamke wa Kiswahili akiwachagulia bunduki hucheka mara moja tu. Baba yuko Unguja anafuga kuku, na kila wiki ananitumia ujumbe wa sauti kulalamikia kunguru. Juzi arbab alikuja, mzee wa mkongojo sasa, na mjukuu wake anayetaka bunduki ya kwanza. Mjukuu hakusalimia vizuri, akanyoosha kidole kwenye mia tatu na nane. Nilifungua mdomo nianze somo langu, arbab akaniwahi. Alitia mkono mfukoni mwa kanzu akaweka juu ya kioo risasi moja ya shaba iliyochakaa kwa kushikwashikwa, na kitakoni niliiona alama ya tupa ya Baba. Mjukuu akauliza ni risasi ya nini.

"Hii," arbab akasema, "ndiyo iliyonipiga mimi."