Makaa au Gesi

Metrine hakuwahi kuchoma nyama maishani mwake. Kwao Bungoma kazi hiyo ni ya wanaume. Wanawake husonga ugali na kungoja ubao wa nyama uletwe, na mara nyingi ukifika imebaki mifupa. Lakini madam, mwajiri wake, alipomuuliza kama anajua kuchoma nyama, alijibu ndiyo bila kupepesa macho. Nilimsikia kwa masikio yangu, maana nafanya kazi ghorofa ya juu ya nyumba hiyohiyo hapa Al-Nuzha, Jeddah, na nilikuwa napiga deki ngazi.

Hakudanganya bure. Baba, mume wa madam, alikuwa amekodi karavani, ile nyumba inayokokotwa na gari, ili familia ikakae jangwani nje ya Riyadh kwa wiki moja. Madam alisema mchoma nyama atakwenda nao. Na huko Riyadh, katika ofisi za Olaya, ndiko anakofanya usafi Peris, ndugu yake wa tumbo moja. Walikuja Saudia pamoja, wakatenganishwa uwanja wa ndege, na huu ni mwaka wa nne hawajaonana. Madam alikubali wapite Olaya.

Dukani Baba alimsimamisha mbele ya majiko mawili ya kubebeka. Moja la gesi, dogo, lenye kifuniko. La pili la makaa, la kukunja miguu.

"Wewe ndiye unayejua. Makaa au gesi?"

Metrine aliyatazama yote mawili. La gesi lilionekana kuwafaa wasafiri, hilo aliliona. Lakini moto usio na makaa utajuaje kama umetulia?

"Makaa, Baba," akasema.

Ijumaa alasiri wakalijaribu juu ya paa. Madam alimpa mguu wa mbuzi akaandae. Metrine akajificha nyuma ya tangi la maji, akampigia kaka yake Ephraim kule Bungoma.

"Usikatekate," Ephraim akamwambia. "Usitie kitu, hata chumvi. Chumvi ni ya kwa ubao. Ngoja makaa yavae majivu, alafu ugeuze polepole."

"Mpaka lini?"

"Mpaka iive! Sasa hiyo ni swali gani?"

Saa nzima baadaye madam akapanda na vijiti vya mishikaki mkononi, akakuta mguu mzima juu ya moto. Akauliza vipande viko wapi, viungo viko wapi. Metrine hakujua aombe msamaha au aendelee kugeuza. Akaendelea kugeuza.

Ilipoiva akaiteremsha chini, akaikatakata kwenye ubao mbele yao, akamwaga chumvi pembeni kama alivyoona wanaume wakifanya. Baba alikula kiasi. Mama kubwa, mamake Baba, ambaye magoti yamemkatalia safari, alikula mpaka akaramba chumvi vidoleni.

"Halas, imekwisha," akasema. "Huyu haendi popote. Atabaki na mimi, yeye na jiko lake."

Katika nyumba ile hakuna anayembishia mama kubwa. Tena Baba alishaona moshi na majivu yale hayataenda na karavani. Atanunua lile la gesi, akasema, na kuwasha gesi hata yeye anaweza. Madam aliinamisha macho tu. Metrine alisimama na kisu mkononi, akiwatazama mmoja mmoja, asijue kama amesifiwa au ameadhibiwa. Mimi mwenyewe hadi leo sijui, na hasira ninayo.

Karavani ilipoondoka Jumatatu, Metrine alimpigia Peris. Nilikuwa kando yake paani, tunaanua nguo.

"Mko wapi?" Peris akauliza.

"Wameenda. Mimi nimeachwa Jeddah."

"Kwani nyama iliungua?"

"Haikuungua. Mama kubwa aliipenda, ndio maana amenizuia."

Nikamsikia Peris akilia.

"Sasa Metrine, si ungeiunguza tu?"

Chini mama kubwa alikuwa akiita, anataka makaa yawashwe.