Mkwaruzo Mweupe Mlangoni

Mvua ilikuwa imekatika tu tulipotoka kanisani Sabato ile, na uwanja ulikuwa matope matupu. Nilivua viatu vyangu vya ibada, nikavaa malapa, nikaenda kwenye gari kuchukua sufuria ya mboga niliyokuwa nimeileta kwa mlo wa pamoja. Ndipo nikauona mlango wa abiria. Ulikuwa umebonyea katikati, kishimo cha kutosha kulaza kidole gumba, na chini yake kulikuwa na mkwaruzo mrefu mweupe, kana kwamba mtu ameuchora kwa chaki.

Gari langu ni la kijani kilichokoza. Nililinunua kwa jasho la zamu za usiku katika kituo cha afya ninakofanya kazi ya ukunga, upande wa Magwagwa, na kabla ya hapo nilikuwa nikipanda mlima ule kwa miguu, mvua ije isije. Wengine walisema nimeringa. Mimi nilikuwa nimechoka kutembea tu.

Mkosaji sikumtafuta mbali. Kanisa letu si la magari mengi. Asubuhi, mke wa mzee wa kanisa alikuwa ameegesha gari lake jeupe ubavuni mwa langu, karibu mno, halafu katikati ya ibada akaondoka kwenda nyumbani kuleta chakula. Aliporudi aliegesha upande wa pili, karibu na jiko. Nilivuka matope nikaenda kuliangalia. Kwenye ukingo wa mlango wake kulikuwa na chembe ya rangi ya kijani, ndogo kama punje ya dengu.

Huyu mama hakuwa mtu wa mbali kwangu. Mkwe wake alipojifungua mtoto wa kwanza, mimi ndiye niliyempokea yule mtoto, na mama mwenyewe alinikumbatia kwenye korido ya kituo huku analia. Kesho yake aliniletea mkungu wa ndizi na kuku. Tangu hapo tulikuwa tukikaa benchi moja kanisani. Nikiinuka kwenda mbele kutoa taarifa ya afya, yeye ndiye aliyenishikia mkoba.

Nilimkuta akipakua matoke, kitambaa kichwani, mwiko mkononi.

"Mama," nikamwambia, "mlango wa gari lako umegonga langu."

"Gari gani?"

"Langu. Rangi yangu bado iko kwenye mlango wako. Twende uone."

Aliwatazama wanawake waliokuwa wamepanga foleni na sahani zao, kisha akanigeukia kwa ile sauti tamu anayotumia kuombea wagonjwa. "Sista, leo ni Sabato. Mambo ya mabati tutaongea kesho."

Wanawake wakacheka kidogo. Mmoja akasema amina. Nilibaki nimesimama na sufuria yangu mkononi kama mtu aliyekuja kuomba. Nikageuka, nikairudisha mboga yangu garini, nikaenda nayo nyumbani.

Jumapili nilifika dukani kwake sokoni, anakouza vitambaa. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka, limeoshwa hata maji bado yanadondoka. Ukingo wa mlango ulikuwa safi.

"Umeliosha," nikasema.

"Gari likichafuka si linaoshwa?"

Alinijibu kwa Kiswahili. Sisi wawili tulikuwa tumezoea kuzungumza Ekegusii siku zote, hata tukiwa mjini Kisii mbele za watu. Kiswahili ni lugha tunayowawekea wageni na polisi. Hapo nikajua nimeshatolewa nje.

"Mama, sikuja kudai kitu kikubwa. Sema tu kwamba ni wewe."

"Kuna mtu aliniona?"

"Hakuna."

"Basi unanisingizia." Akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa tayari kimekunjwa. "Na kama hutaki gari lako liguswe, liache nyumbani. Mtu mmoja anaegesha mahali pa familia nzima."

Mume wake akachungulia kutoka nyuma ya duka, kalamu sikioni. Ni mtu mpole, asiyependa fujo. "Sista," akasema, "sisi tumekuwa na amani na wewe." Kisha akarudi ndani. Hakuuliza kumetokea nini. Mtu asipouliza, ujue keshaambiwa.

Ningeweza kuupeleka mlango ule kwa fundi wiki hiyo hiyo. Sikuupeleka. Nilitaka kila mtu auone. Kila Sabato nilifika mapema, nikasubiri aegeshe, kisha nikaegesha langu pembeni ya lake, upande uliobonyea ukimkabili. Akihamia chini ya mti wa parachichi, nami nahamia. Watoto wa Shule ya Sabato walishautambua mchezo huo wakawa wanatazama dirishani. Tulisalimiana kwa videvu. Kwenye benchi letu la zamani nilikaa peke yangu, naye akahamia upande wa kwaya, na akina mama wengine ikawabidi wachague pa kukaa. Wengi walikaa kwake.

Kisha maneno yakaanza kunifikia. Muuguzi mwenzangu ndiye aliyeniletea, tena kwa kusitasita. Mama yule alikuwa amesema kwenye kikao cha akina mama kwamba mtu asiye na mtoto wa kulilia lazima alilie mlango.

Niliingia stoo ya dawa nikajifungia. Nimepokea watoto wengi wa kijiji kile, mjukuu wake mmoja wao, na sijawahi kumpokea wangu. Yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu nilimwambia mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye lile benchi. Kuanzia siku hiyo sikuwa tena nikimchukia kwa ajili ya gari.

Mchungaji wa mtaa alipata habari, akatuita. Alituketisha kwenye chumba kidogo nyuma ya mimbari, akaomba, akasoma, akaomba tena. Kisha akaniambia mimi, si yeye, "Dada, ni mkwaruzo tu. Gari ni kitu cha kupita."

"Mchungaji, basi na akiri hicho kitu cha kupita."

Mama akafuta machozi ambayo sikuyaona yakitoka. Tukatoka tulivyoingia.

Ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Kwetu, kabla ya mkate na divai, watu huoshana miguu wawili wawili, wanaume kwao na wanawake kwao, na hapo ndipo mtu humwomba mwenzake msamaha. Wanawake tulikuwa kwenye darasa la watoto. Nilikaa kwenye kona nikitumaini binti yeyote ataniita. Mmoja mmoja wakapata wenzao. Nilipoinua macho, tuliobaki bila mwenzi tulikuwa wawili, mimi na mama yule. Wengine wote wakainamia mabeseni yao. Walikuwa wamepanga, naamini hivyo mpaka leo.

Nilipiga magoti kwanza mimi. Maji ya tangi yalikuwa baridi. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kwa kusimama dukani, nami nikaviosha kama ninavyoosha mgonjwa, hata katikati ya vidole, nikavipangusa vizuri. Kisha akapiga magoti yeye, kwa shida, mkono mmoja kwenye kiti. Akanimwagia maji, akainamisha kichwa, akanong'ona kwa Ekegusii kwamba upepo ulikuwa mkali siku ile.

Nilimjibu kwa Kiswahili. "Upepo hauna rangi nyeupe."

Akaushika mguu wangu kwa nguvu, vidole vikanibana kifundoni. "Nisamehe kwa lolote nililokukosea."

"Lipi?"

"Lolote."

"Taja mlango. Na ulilolisema kwa akina mama, litaje pia."

Aliinua uso. Haukuwa uso wa kutubu, wala wangu haukuwa wa kusamehe. Tulitazamana pale chini, yeye amepiga magoti na mguu wangu ungali mkononi mwake, na nadhani kama tusingekuwa kanisani tungepigana. Aliuachia mguu ukatumbukia, maji yakaturukia sote wawili. Akalibeba beseni akatoka kwenda kulimwaga nje. Mimi nilivaa viatu mguu ukiwa bado umelowa, nikapita katikati ya wanawake, nikawasha gari nikaondoka kabla mkate haujamegwa. Tangu nibatizwe nilikuwa sijawahi kuikosa meza ile.

Jumatatu nikaenda Kisii mjini kwa fundi wa bodi. Mkwaruzo mweupe aliutoa kwa kitambaa chenye thina ya kuyeyushia rangi, mara moja, kana kwamba haukuwahi kuwapo. Ila chini yake rangi yangu ilikuwa imekatwa hadi kwenye bati, na mvua ya miezi ile ilikuwa imeshaanza kupaletea kutu. Akaifungua ngozi ya ndani ya mlango, akaligonga bonyeo kutoka nyuma kwa nyundo ndogo, akapaka puti ya kusawazisha, akapiga msasa, akapuliza rangi. Nilikaa kwenye benchi la mbao siku nzima nikimtazama. Alipomaliza nililizunguka gari. Kivulini lilikuwa sawa. Juani mlango ule ulikuwa kijani kingine.

"Itafifia, zitafanana," fundi akasema.

Hazijafanana.

Siku hizi nasali kanisa lingine, la mbali zaidi, na gari naliacha nje kwenye kituo cha kupimia majani chai, ambacho Sabato hakina mtu. Mzee wa kanisa aliwahi kunitumia ndizi kwa bodaboda. Nilizirudisha kwa bodaboda huyo huyo.

Mwezi uliopita mama alikuja kituoni. Foleni ilimleta kwenye meza yangu, na hakukuwa na muuguzi mwingine. Akaketi, akapandisha mkono wa gauni bila kuambiwa. Nilimfunga mpira wa kupimia presha, nikasikiliza. Ilikuwa juu sana. Nikapima tena.

"Unakula chumvi nyingi?" nikamuuliza, kama ninavyowauliza wote.

"Hapana."

"Unalala vizuri?"

"Silali."

"Kuna jambo linalokusumbua rohoni?"

Alinitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu siku ya beseni. "Wewe," akasema, kwa Ekegusii.

"Hata mimi," nikamjibu kwa lugha hiyo hiyo.

Nikamwandikia dawa, nikamweleza azimeze lini na arudi lini. Akakunja karatasi akaitia kwenye mkoba, akainuka polepole akishika meza. Nikamwita mgonjwa aliyefuata.