Furaha kwa Amri ya Mchungaji

Krismasi ya kwanza bila Baba, kanisa letu la Ruiru lilipiga huzuni marufuku. Tangu mwanzo wa Desemba mchungaji alikuwa akitutangazia kwamba Mkristo anayenuna siku ya kuzaliwa Bwana anamwaibisha aliyezaliwa. Siku yenyewe alisema hivyo tena, akiwa ndani ya suti nyekundu, na sote tukaona kwamba mtu aliyevaa vile lazima anajua anachokisema.

Mama alitoka kwake Theta akiwa na kitambaa cheusi kichwani. Baba tulikuwa tumemzika mwezi wa Agosti. Akina mama wawili wa kamati ya mapambo walimpokea mlangoni kwa upendo mwingi, wakamwuliza kama hana kitambaa chenye rangi kidogo. Hakuwa nacho. Basi wakamfunga mkononi utepe wa kumetameta, ule ule waliokuwa wamezungushia spika, naye akaingia ibadani akiwa amepambwa.

Katikati ya mahubiri tuliamriwa kumgeukia jirani na kumwambia, "Nimejaa furaha." Nilimgeukia Mama nikamwambia, kwa kuwa mimi ni mtu mtiifu. Alinitazama kama anavyomtazama mtu anayemuuzia maziwa yaliyotiwa maji.

"Mimi sina," akasema. "Na wewe pia huna. Usidanganye kanisani."

Hakupaza sauti, ila kinanda kilikuwa kimenyamaza wakati huo na watu wa mbele wakageuka. Mchungaji akaomba kanisa zima limwombee mama yetu ili roho ya huzuni imtoke. Tukaomba sana. Roho hiyo ilitusubiri kwa adabu tumalize, kisha ikapanda gari nasi hadi Theta.

Huko nyumbani kaka yangu mkubwa alikuwa ameandaa awamu ya pili: mbuzi, muziki, na fulana nyekundu za familia nzima. Aliamini kwamba kelele zikitosha, hakuna atakayekumbuka kwamba Baba hayupo. Hata kiti cha Baba alikuwa amekificha stoo, kwa busara, na kila mgeni aliyefika akauliza kile kiti kilienda wapi. Mama alikataa fulana yake. Wakamtandazia begani kwa ajili ya picha.

Alasiri honi ikalia getini. Alikuwa ni mzee mwenye duka la hardware huko Thika, ambaye Baba alimwendeshea lori karibu maisha yake yote ya kazi. Alikuja na mkewe na boksi la peremende za kwao. Ni Wahindu. Krismasi hawana, nyama hawali, na mchungaji wetu huwaombea kwa jumla, pamoja na wengine wote ambao nuru haijawafikia. Mkewe aliketi karibu na Mama, akauliza kwa upole kama muziki unaweza kuzimwa. Ukazimwa.

"Mama, mimi bado namtafuta," mzee akasema. "Lori ikiingia kwa yadi, naangalia kama ni yeye anashuka."

Mama alisema hata yeye husikia geti likifunguka.

Mkewe akafungua boksi la peremende, Mama akachukua moja. Kisha mzee akaanza kusimulia jinsi zamani, kabla sisi hatujazaliwa, mteja mmoja mwenye shukrani alivyomletea zawadi ya Krismasi: jogoo mweupe, mzima. Nyumba yao haikuwa imewahi kuingiza hata yai. Wakamfungia bafuni, akawika mpaka mkewe akatishia kurudi kwa wazazi wake. Hatimaye mzee alimsihi Baba amchukue, ampeleke popote duniani. Baba akajifanya kusita, akauliza kama atapewa na siku ya mapumziko. Akapewa.

Mama alikuwa ameacha kutafuna.

"Jogoo mweupe? Mwenye kidole kilichopinda?"

"Huyo huyo," mke wa mzee akasema. "Alinikwaruza hapa."

Sisi sote tulimjua jogoo huyo. Tulilelewa na habari zake: jinsi Baba, kijana asiye na kitu, alivyozunguka soko la Thika kutwa nzima akimchagulia mchumba wake jogoo asiye na mfano. Kwa mujibu wa Mama, hapo ndipo alipokubali kuolewa.

"Mwongo yule," akasema polepole. "Kumbe niliolewa kwa jogoo wa kufukuzwa."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamwangukia shingoni, machozi yakimtiririka, akimsuta marehemu kwa Kikuyu kana kwamba amekaa mbele yake. Mzee naye akawa analia na kucheka. Kaka yangu akatoa simu arekodi, maana furaha ilikuwa imefika, ingawa kwa kuchelewa na bila fulana. Mama akamwambia aiweke chini, akamletee viazi, kwa sababu wageni hawawezi kula mbuzi wake.

Hakuwa amempikia mtu chochote tangu mazishi. Nilimfuata jikoni kumenya, na huko, akiponda mukimo wa viazi na mahindi, akaniambia kwamba wale wachungaji wa kondoo, usiku aliozaliwa Bwana, waliletewa habari njema wakiwa wanatetemeka kwa hofu. "Hakuna aliyewaambia wacheke kwanza," akasema.

Wageni walikula wakaongeza. Waliondoka jua likikaribia kuzama, na kabeji zetu kwenye buti la gari. Walipokata kona, Mama alilia tena pale getini. Tulisimama naye, na hakuna aliyemwombea anyamaze.